Kompyuta ya Kumpokea Baba

Kuna harufu moja ambayo ikinikuta njiani lazima nisimame, hata kama nimechelewa kiasi cha kufukuzwa kazi. Ni harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya kompyuta kuukuu. Inafanana kidogo na nywele zilizoungua, kidogo na chuma, kidogo na nguo zilizofungiwa sandukuni. Juzi ilinikuta Kisenyi, hapa Kampala, kati ya duka la matairi na duka la magunia. Nikasimama mlangoni mwa fundi nisiyemjua, nikavuta pumzi kama mgonjwa wa pumu, mpaka akaweka bisibisi chini na kuniuliza kama kuna mtu nimempoteza. Nikacheka. Mimi ni mtu wa kucheka. Wenzangu wa darasa la jioni la kompyuta watakuambia kwamba nilicheka hata kwenye mtihani wa hesabu, na mtihani ule uliwaliza wanaume wenye ndevu. Lakini swali la yule fundi lilipanda nami boda na kushuka nami nyumbani.

Baba yangu alikuwa fundi umeme wa magari, mtu mwenye mikono iliyokuwa na grisi hata siku ya Idi. Aliweza kuamsha lori lililolala mwaka mzima kwa kulipapasa tu, au ndivyo nilivyowaambia watoto wote wa mtaa, na hakuna aliyethubutu kubisha. Jioni yeye na kaka yangu Rajabu walikwenda kwenye ukumbi wa michezo kuendesha magari ya kwenye skrini, wakarudi wakibishana kama vijana wa rika moja. Ndipo Baba akaamua kujenga kompyuta yetu ya michezo. Hakutaka iliyofungwa tayari; alisema hujui wameficha nini ndani. Alitaka kuichagua kiungo kwa kiungo, jinsi mtu anavyochagua nyama buchani.

Alianza na kesi, yaani sanduku lenyewe, na madabodi, ile sahani kubwa ambayo viungo vingine vyote huchomekwa juu yake. Akaipima madabodi hiyo yeye mwenyewe dukani kwa Kamau, Mkenya aliyeuza vifaa vilivyotumika Kisenyi, kisha akamwachia Kamau kiasi cha pesa ili amwekee vilivyobaki kadiri vitakavyofika. Kwenye kifuniko cha boksi la madabodi akaandika orodha kwa penseli. Ya kwanza ilikuwa pawasaplai, kile kiboksi kinachogawia viungo vyote umeme, nayo iwe nzito. Halafu ramu mbili zinazofanana, prosesa ya kadiri, diski, na kadi ya picha kwa pesa itakayobaki. Chini kabisa aliandika feni mbili za kimya, na pembeni yake: usingizi wa mama yao ni mwepesi.

Kisha akaugua siku tatu, na ya nne hakuamka.

Mimi nilikuwa na miaka saba. Kwetu Wanubi, kama kwa Waislamu wengi wa mji huu, wanawake na watoto hawaendi makaburini siku ya maziko. Nilichoona, nikiwa begani mwa jirani yetu Hajati, ni Baba akitoka nyumbani amefungwa nguo nyeupe, wanaume wamembeba juu, watu wote wakilia. Sasa Hajati mwenyewe, mwaka uliotangulia, nilimwona akitoka nyumbani kwake amevaa meupe kutoka kichwani hadi vidoleni, watu wakilia na kumshika mikono, kwa kuwa alikuwa anakwenda Maka. Akarudi baada ya wiki kadhaa na tende, maji ya zamzam, na saa ya ukutani iliyoadhini kwa sauti ya kuku aliyekabwa. Kwa hiyo sikulia. Nilijiuliza tu Baba ataniletea nini.

Hajati akanichukua kwa dada yake mtaa wa Kalerwe, nikakaa siku kadhaa kati ya matenga ya nyanya, nikala mapapai mpaka nikageuka rangi. Niliporudi, Mama alikuwa ameketi chumbani, nguo nyeupe, hana hina, hana manukato, hana hata wanja. Hakutoka nje. Mwanamume asiye wa nyumbani akija, pazia lilishushwa. Na dirishani kulikuwa na kopo la maharage.

Lilikuwa la bibi yetu, mama yake Baba, ambaye kwa Kinubi tulimwita Haboba. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na Haboba hakuamini kalenda wala simu. Alihesabu punje za maharage mbele ya wanawake wanne, akazitia koponi, na kila jioni baada ya Magharibi alitoa punje moja akaiweka kwenye kibakuli cha udongo. Hakuna aliyenieleza maana yake. Nami niliona wazi kama mchana. Mtu hahesabu siku bure. Mama amevaa meupe anangoja. Punje ya mwisho ikitoka, Baba anaingia.

Basi kazi moja tu ilibaki: akute kompyuta yake imekamilika.

Rajabu alinipeleka kwa Kamau. Duka lake lilikuwa dogo kiasi kwamba ukipiga chafya ndani, mlango unafunguka wenyewe. Kuta zilijaa kompyuta zilizofumuliwa, nyaya zikining'inia kama matumbo ya mbuzi. Kamau alimshika Rajabu mkono kwa muda mrefu, wakanong'onezana. Nilidhani wanapatana bei. Kisha akasema pesa zenyewe alishanunulia mzigo, hana za kurudisha, lakini tuchague vitu vya kiasi kile kile na hatazidisha hata senti.

Rajabu alikuwa na miaka kumi na mitano na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kadi ya picha moja kubwa, nyekundu, yenye feni mbili kama macho ya bundi. Kwa kadi ile, alisema, magari yangeonekana mpaka vumbi la tairi. Tatizo ni kwamba ilikula karibu pesa zote. Tungebaki na pawasaplai ya bei rahisi, na feni za kimya tungezisahau.

Kamau akaniwekea pawasaplai mbili mikononi, kwa utani, kama mtu anayempa mtoto mapacha. Moja ilikuwa mpya na nyepesi kama kibiriti kilichoisha njiti. Nyingine ilikuwa imekufa, imetolewa kwenye mashine iliyoungua, lakini nzito. Akanieleza kwamba nyepesi huandikwa nguvu nyingi ubavuni na ndani hamna kitu. Siku moja inapasuka na kuondoka na kila kilichounganishwa nayo. Nzito ndiyo aliyoitaka Baba. Nzima kama hiyo hakuwa nayo. Ingekuja na mzigo mwingine, hajui lini.

Rajabu akasema tuchukue nyepesi na kadi kubwa, tumalize leo.

Nikasema, "Orodha haisemi hivyo. Baba ataikagua."

Kamau alikuwa anapuliza vumbi kwenye ramu. Akaacha.

"Ataikagua lini, mama?"

"Maharage yakiisha."

Nje mtu aligonga tairi kwa nyundo. Kamau alimtazama Rajabu, Rajabu akatazama barabarani kana kwamba amemwona mtu, nami nikageuka haraka nione kama ni yeye. Hakuwa yeye. Rajabu akairudisha kadi nyekundu rafuni, akasema kwa sauti ndogo kwamba tufuate orodha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuniambia. Nadhani aliogopa. Mtoto wa miaka saba anayemzungumzia marehemu kana kwamba yuko kwenye foleni ya posta, hata mimi leo ningemkimbia. Kamau naye, tangu siku ile, kila tulipokwenda alitupangusia vigoda. Tulikuwa wawili. Alipangusa vitatu.

Tulichagua polepole. Ramu mbili zinazofanana, ambazo Kamau alizisugua vijino vyake vya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Prosesa ya kadiri. Diski iliyokuwa imetumika, aliyotufutia mbele yetu. Kadi ya picha ndogo, ya feni moja, ambayo ndani ya feni yake tulikuta unywele mrefu umejizungusha mara kumi, mweusi, ncha yake nyekundu ya hina. Rajabu aliuvuta taratibu kwa kibano. Ulikuwa hauishi. Kamau alisema hajui kadi ile ilitoka kwa nani, akautupa nje, nami nikaona upepo unaurudisha ndani.

Siku zikaenda. Pawasaplai haikuja. Kopo la Haboba lilianza kuonyesha kitako chake, nami nikaanza kuota Baba ameingia, amekaa mbele ya kesi tupu, anaingiza mkono ndani anatafuta kitu na hakipati. Mkono unazama mpaka kiwiko, mpaka bega. Niliamka nimeshika godoro.

Kwa hiyo nikafanya jambo moja rahisi. Jioni moja Haboba alipotoka kwenda kusali, Mama amelala ameelekea ukutani, nilichukua punje moja kibakulini nikairudisha koponi. Haikutoa sauti. Ilikuwa kama kumwambia Baba, subiri kidogo, bado hatujawa tayari. Na nikajisikia vizuri sana, nikala wali sahani mbili.

Baada ya siku mbili nikarudisha nyingine. Halafu nyingine. Nilirudisha tisa kwa jumla, sikuzidisha, maana tisa ndiyo hesabu niliyoijua bila kushika vidole vyote.

Haboba hakuwa mjinga. Mtu aliyezika waume wawili anajua siku zinavyopita. Akaanza kuzihesabu punje asubuhi pia, akilamba midomo. Akaita wanawake wenzake, wakahesabu pamoja. Akafukiza ubani chumba kizima mpaka mijusi wakahama. Rajabu alipotoa simu yake na kumwonyesha kwamba siku zote zimeshatimia, na koponi zimebaki kumi, Haboba alisema simu ile inahesabu miezi ya Wazungu, bali punje alizihesabu yeye kwa vidole vyake, na hazipungui kwa sababu kuna mtu hataki zipungue.

Kumi. Nilisikia nikiwa nyuma ya pazia, nikahesabu tena kwa vidole. Mimi nilirudisha tisa. Mwili mzima ulinisisimka, na nitakuambia ukweli, haikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Baba naye amerudisha moja. Baba anajua.

Jioni ile nilimwona Haboba amesimama peke yake dirishani, ameweka kiganja juu ya kopo kama mtu anayemshika mtoto kipaji cha uso.

"Hamisi mwanangu," akasema, "mwachie mke wako atoke."

Akangoja jibu. Nami nikangoja. Nasema alingoja muda wa kuiva sufuria ya kwato.

Mama ndiye aliyemaliza mabishano. Aliwaambia Haboba na Rajabu waache, yeye atakaa mpaka punje ziishe, hana haraka ya kwenda popote. Alisema huku ametazama ukuta. Rajabu akaanza kulala na taa imewashwa.

Zilipobaki punje tatu, Kamau akatupigia. Pawasaplai imefika. Nilikwenda nikaibeba mwenyewe kifuani kutoka Kisenyi, nzito kama mtoto mchanga aliyelala, na sikukubali Rajabu aishike. Na pesa iliyobaki ilitosha feni mbili za kimya, barabara kabisa, bila kubaki hata ya peremende. Kamau hakukubali kutuuzia bila kuzipima. Alizisogeza sikioni mwangu zikizunguka, nami sikusikia kitu, ila upepo shavuni, kama mtu anayenipulizia.

Kesho yake umeme ulikatika tangu asubuhi. Rajabu hakutaka kungoja. Akaunganisha kila kitu sebuleni kwa mwanga wa mlango. Akapaka dawa ya kupoza juu ya prosesa, tone moja kama punje ya mchele. Akafunga feni, akaunganisha televisheni yetu iwe skrini, akachomeka ukutani. Tukaviangalia. Vilikuwa pale, viungo vyote, havipumui. Kisha ikawa Magharibi, tukaenda kutawadha.

Tuliporudi nyumba ilikuwa giza. Haboba alikuwa uani anasali. Tulikuwa mimi na Rajabu mlangoni, miguu yetu inachuruzika maji, hakuna aliyegusa kitu. Umeme ukarudi. Na ile kompyuta ikaamka.

Haikuunguruma, haikupiga mlio. Feni zilianza kuzunguka bila sauti yoyote, mwanga mdogo wa buluu ukawaka ndani ya kifua chake, na televisheni ikaandika mistari myeupe, mstari baada ya mstari, upesi, kama mtu aliyekaa kimya muda mrefu na sasa ana mengi ya kusema. Darasa la jioni lilinifundisha baadaye kwamba madabodi huweza kuagizwa iamke yenyewe umeme ukirudi, na agizo hilo hutunzwa na kibetri kidogo cha duara. Aliyeagiza ni Baba, siku alipoipima kwa Kamau. Aliujua umeme wetu. Lakini siku ile sikuwa na darasa. Nilikuwa na macho tu.

Mwanga wa buluu ulifika kwenye pazia la chumba cha Mama. Tukaona kivuli chake kinainuka kitandani, kinajitanda vizuri, kinakaa wima.

"Karibu," Mama akasema.

Alisema kwa sauti ya chini sana, ile ya kumfungulia mtu wa nyumbani. Rajabu alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Hakuna aliyeingia. Baada ya muda kivuli kililala tena.

Punje ya mwisho ilitoka siku ya pili jioni, na asubuhi iliyofuata wanawake walikuja. Walimwogesha Mama, wakamvua meupe, wakamvika gauni la kijani na kumpaka mafuta ya udi. Nyumba ilinukia kama harusi. Mimi nilikuwa nimeoga kabla ya jogoo yeyote wa Kampala kufumbua jicho. Niliweka viti viwili mbele ya kompyuta, nikakaa sakafuni, mgongo wangu umeegemea mlango wa mbele.

Walipotaka kumtoa Mama nje, sikuondoka. Hajati akanibembeleza, bambi, tafadhali mtoto mzuri, sogea, mama yako akaone jua. Nikasema hatoki mtu. Baba hajafika, na akifika asikute nyumba tupu.

Haboba alikaa chini palepale alipokuwa. Rajabu ndiye aliyekuja, akapiga magoti mbele yangu, akanionyesha viganja vyake viwili.

"Sauda. Miguu yake niliishika mimi. Nilimteremsha mimi mwenyewe chini, nikaona wanamfukia."

Nilivitazama viganja vile muda mrefu. Vilikuwa safi.

"Basi mlikuwa mnahesabu nini?" nikamwuliza.

Wanawake kumi na watano, wanaoweza kuongea wote kwa pamoja msikitini, wakaanza kukunja mikeka.

Mama akaja akanishika mkono akaniinua. Aliwaambia wanawake watuandalie chai, tunarudi. Haboba alisema makaburini si mahali pa mwanamke, tena siku ya kwanza ya kutoka. Mama alishafungua mlango. Tulitembea jua likiwa upande mmoja wa uso. Mama alikuwa amesahau kutembea kwenye barabara, alisimama kila boda ilipopita.

Kaburi lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri, na juu yake majani yalikuwa yameota, marefu, mengine yametoa maua. Hilo ndilo lililonishinda. Majani hayaoti hivyo juu ya mtu anayekuja kesho. Nililia mpaka nikatapika, kilio cha miezi yote kwa mkupuo, na kwa hili siongezi chumvi. Mama aliningoja. Halafu akakunja gauni la kijani, akachuchumaa, akaanza kung'oa majani, nami nikachuchumaa upande wa pili.

Nilipoweza kusema, nilikiri. Nilimwambia kuhusu kopo, kwamba ni mimi niliyemweka ndani siku zote zile za ziada, lakini moja sikuirudisha mimi, ile ni ya Baba.

"Nilikuona," Mama akasema. "Kila mara nilikuona."

"Mbona hukunikataza?"

Alivuta jani moja lenye mzizi mrefu, akaukung'uta udongo pale pale juu ya kaburi, taratibu, usipotee.

"Kwa sababu ile ya kumi niliirudisha mimi."